Harufu ya Gauni la Njano

Haya nilisimuliwa na mama mmoja mzee mwenzangu, mwaka juzi, tulipokuwa tumekaa kwenye benchi la kliniki ya macho. Tulikuwa tumetiwa dawa ya kupanua mboni, hatuoni mbali wala karibu, basi kazi ikawa ni kuzungumza tu. Alikuwa na blanketi la viraka mapajani, akanipa upande mmoja niushike, na kila akifika mahali pazito katika maneno yake alikuwa akipapasa kiraka fulani kwa kidole. Yale ya mapenzi, ambayo yeye, kama mama mkwe, hawezi kuyaona, nilimaliziwa baadaye na fundi mwenyewe aliyelishona. Nayaandika yote pamoja, kama vile nilikuwepo.

Fundi huyo alikuwa na chumba ghorofa ya tatu, katika jengo ambalo chini ni maduka na juu ni cherehani tupu. Alikuwa mwanamke mrefu, hajaolewa, mwenye miguu mikubwa ambayo yeye mwenyewe aliifanyia mzaha kabla mtu hajamwahi. Siku hiyo ilikuwa mwisho wa mwezi na ngazi za jengo zimejaa watu, wanaopanda na wanaoshuka wanasukumana mabega. Fundi alikuwa anapanda na vitambaa alivyovibeba mpaka kidevuni, haoni mbele, amevaa gauni jeupe lenye pindo pana alilolishona mwenyewe wiki ile. Ghorofa ya kwanza palikuwa na mwanamume juu ya ngazi ya mbao, anaandika kibao cha duka la viatu. Kopo lake la rangi alikuwa ameliweka chini. Fundi akalipiga teke.

Rangi ya buluu ilimwagika yote, ikamwingia kwenye kandambili na kumrukia kwenye pindo.

"Dada, umelipiga kopo langu," akasema yule wa juu, taratibu, kama anayemwarifu mtu saa.

"Na wewe umeliweka njiani. Kwani hizi ngazi ni za baba yako?"

"Zingekuwa za baba yangu ningeweka makopo mawili."

Watu wakacheka, na Fundi, kwa aibu, akapita bila kugeuka. Hakujua kwamba kila alipokanyaga aliacha unyayo wa buluu, ngazi hadi ngazi, mpaka mlangoni kwake.

Jioni mlango ukagongwa. Alikuwa ni yule mwandika vibao, ambaye jengo zima lilimwita Brashi. Amenawa uso lakini rangi imebaki kwenye nyusi. Alisema amefuata nyayo, zimemleta pale, ila anataka kuhakikisha kama si za jirani.

"Jirani yangu ana miguu ya kibinadamu," Fundi akamjibu.

"Basi ni zako. Ungekuwa mwizi, wewe, ungekamatwa kabla ya saa nne."

Fundi akacheka, akamkaribisha. Na pale mezani, Brashi akaona kitu kilichomfanya asahau mzaha wake wote. Lilikuwa blanketi la viraka, nusu limeshonwa, la mashati ya mistari ya kizee, kola na mifuko imeachwa palepale kwenye viraka. Fundi akamweleza kwamba hiyo ndiyo kazi yake hasa, magauni ni ya kulipia pango tu. Watu wanamletea nguo za marehemu wao, yeye anazikata na kuzishona blanketi, ili aliyebaki awe na kitu cha kujifunika. Alianza na mashati ya baba yake. Brashi akalishika lile blanketi kwenye mfuko, akatia vidole viwili ndani kama anayetafuta chenji, akavitoa. Akaaga.

Kesho yake akapiga simu. Namba aliipata kwenye kibao cha mlangoni, na hapohapo akakisema vibaya kibao chenyewe, kwamba herufi zake zimelewa. Akaomba akiandike upya bure. Tangu hapo ikawa ni simu. Alipenda kupiga akiwa kazini, huko juu.

"Buluu," ndivyo alivyomwita, "nipo juu ya ngazi nakufikiria."

"Ukianguka usinipigie. Sishoni watu."

"Ningeshonwa na wewe ningekaa kimya nisipige hata kelele."

"Wewe? Hukai kimya hata ukipiga mswaki."

Mara nyingine alifika mwenyewe, amevaa shati lake la kazi lenye rangi za maduka yote ya mji, akakaa kwenye stuli kumwangalia akikata. Fundi alizoea kusikia ile ngazi ya mbao ikiburuzwa chini kwenye korido, mlio wake kama mtu anayekohoa, na moyo wake ukawa unatangulia kufungua mlango. Alianza kupaka wanja siku za kazi. Mafundi wenzake wakaona, wakawa wanaimba wimbo wa harusi kila Brashi akipita, na yeye anawainamia kama bwana harusi kweli.

Lakini alikuwa haendi mbali. Fundi aliliona hilo. Akimshika mkono, huushika vizuri, halafu huuacha kama aliyekumbuka kitu jikoni. Siku moja Fundi akamuuliza bila kuzunguka, una mke?

Hapo ndipo akamweleza. Alikuwa na mke, karani wa posta, mwanamke wa kucheka sana, aliyeugua siku chache tu na kuondoka. Mwaka wa tatu sasa. Mama mzazi wa mkewe alikuwa akiishi nao, maana hakuwa na mtoto mwingine, na baada ya msiba kila mtu alingoja kuona nani atahama, mkwe au mama. Hakuhama mtu. Wamebaki wawili katika vyumba viwili, mfiwa wa mke na mfiwa wa mtoto, wanapikiana chai, wanaulizana kama mlango umefungwa.

Kitu ambacho Brashi hakumweleza ni gauni la njano. Lilikuwa gauni la kulalia, jepesi, la mikono mifupi. Alilikuta chini ya mto siku aliyotoka kuzika, na tangu siku hiyo, kila akilala, analiweka chini ya shavu. Harufu ya mkewe ilikuwa humo. Mwanamume mzima, angemwambia nani jambo kama hilo?

Ikapita miezi. Brashi akaanza kuona kuwa anampenda huyu mwanamke wa miguu mikubwa, na kwamba hawezi kumpenda vizuri huku analala na gauni. Akafikiri sana, akaona njia ni ileile ya kazi ya Fundi: nguo ziwe blanketi, gauni la njano likae katikati, harufu yake humohumo, na yeye apate kulikunja na kulihifadhi kama watu wengine wanavyohifadhi. Akatia nguo zote kwenye begi, akampelekea. Akamwambia tu, "Hizi ni zake. Hili la njano liwe katikati." Fundi akalipokea begi kwa mikono miwili.

Sasa sikiliza namna ya kazi ya Fundi. Nguo zote hufuliwa kabla ya kukatwa, maana kitambaa hurudi na rangi huchuja, na ukishona kabla ya kufua, blanketi litakunjamana siku ya kwanza kuoshwa. Hilo kila fundi analijua. Lakini kwake lilikuwa na zaidi. Baba yake alifia hospitali, na mashati yake yalirudi nyumbani yananuka dawa na wodi. Aliyafua kwa mkono, moja moja, na harufu ile ilipotoka akahisi amemtoa baba yake hospitali. Tangu hapo nguo za marehemu haziweki kwenye mashine wala hampi mtu mwingine. Huziloweka, huzisugua mwenyewe, huziongelesha. Ndiyo heshima kubwa aliyokuwa nayo ya kumpa mtu. Na nguo za mke wa Brashi alizifua kwa heshima kuliko zote. Akapanda nazo juu ya paa, akazianika, akampigia.

"Mpenzi, njoo uone. Nimezifua zote, zimejaa kamba nzima. Zinapepea utadhani zimetoka matembezini."

"Umezifua?"

"Ndiyo. Kwanza nafua, ndipo nakata."

"Na la njano?"

"Hilo nimeanza nalo."

Alifika anahema, rangi mbichi mikononi. Akaliendea gauni la njano kwenye kamba, likiwa bado linadondosha maji, akauzika uso wake ndani yake. Akavuta pumzi. Akavuta tena. Ilikuwa sabuni tu, sabuni na jua. Fundi alisimama na vibanio mkononi, haelewi, anamuuliza kuna nini, amekosa nini. Brashi akaanza kuzianua nguo zote, mbichi hivyohivyo, akizisukumiza ndani ya begi.

"Alikuwa amebaki humu," akasema. Hakupaza sauti. "Nilimzika mara moja. Wewe umenizikia tena."

Akashuka. Kwenye lile gauni la njano aliacha alama za vidole vya rangi bila kuziona.

Sijui kama umewahi kuambiwa neno la namna hiyo na mtu unayempenda. Fundi alikaa juu ya paa mpaka kamba ikakauka. Alipomuelewa, baadaye, peke yake, alimhurumia hata akasahau kujihurumia, kisha akakumbuka, akalia kwa yote mawili. Alipiga simu, haikupokelewa. Akaandika ujumbe wa pole, akaufuta, maana pole ya nini, ya kufua? Mbona hakuniambia? Na mimi mbona sikuuliza? Akawa anakaa kwenye cherehani bila kukanyaga. Akisikia kitu kinaburuzwa kwenye korido anainuka, anakuta ni mtu na meza yake. Nyayo za buluu zilikuwa bado kwenye ngazi, zimefifia katikati palipokanyagwa sana. Mfagiaji alitaka kuziondoa kwa tindikali, Fundi akamwambia aziache, hazimdhuru mtu.

Brashi naye hakuwa mzima. Aliandika kibao cha duka la dawa kwa rangi nyeusi tupu, mwenye duka akamuuliza kama anauza dawa au majeneza. Alishika simu yake, akaliangalia jina la Buluu, akairudisha mfukoni. Hasira ilikuwa imeshamtoka, ila alikuwa na haya, na chini ya haya alikuwa na hofu kwamba akimrudia Fundi sasa, wakati mke wake hana tena hata harufu duniani, itakuwa amekubali kweli.

Aliyekuwa anayaona haya yote ni yule mama. Aliliona begi kona ya chumba, akalifungua, nguo zimeanza kufanya ukungu. Akazisuuza, akazianika dirishani. Mkwewe akapita, akaziona, akaenda kulala. Usiku wote yule mama alimsikia akijigeuza. Asubuhi akavaa kitenge chake kizuri na raba za kutembelea, akaliweka begi begani, akatoka. Alipofika kwenye jengo hakuuliza mtu. Alizifuata nyayo.

"Shikamoo, Mama," Fundi akasema, akimtolea stuli. Alijua ni nani kabla hajaambiwa, kwa begi lile.

"Marahaba, binti." Akakaa, akapumzisha magoti, akatazama cherehani, vitambaa, gauni jeupe lenye pindo la buluu lililotundikwa ukutani. "Kumbe hizi nyayo ni zako. Nilidhani nitakuta mwanamume."

Fundi akajikuta anacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kisha yule mama akalitoa gauni la njano, akalilaza mapajani, akasema alichokuja kusema.

Alisema kwamba miezi michache baada ya msiba alilikuta gauni lile chini ya mto wa mkwewe. Hakumcheka. Naye alilichukua akalinusa, kwa wizi, mkwe akiwa kazini, maana na yeye alikuwa na hamu ya mtoto wake.

"Halikuwa na kitu, binti. Mtoto wangu hakuwemo. Lilinuka jasho la mkwe wangu na unyevu wa ukuta. Nikasema, huyu hajajua. Siku akijua kwamba imekwisha, atanifia na yeye."

Basi akalifua. Akalikausha haraka kwa pasi, akalipaka kwenye kola mafuta yake mwenyewe, yale ya mgando ya kwenye kopo, yenye harufu ya waridi, yanayouzwa duka lolote. Ndiyo aliyompaka mtoto wake tangu mchanga, na mtoto naye alipaka hayohayo mpaka anakufa. Tangu hapo, kila Brashi akienda kazi ya mbali, mama analifua, analipaka, analirudisha chini ya mto.

"Kwa hiyo wewe hukumfuta mtu," akasema. "Kama kuna aliyemfuta, ni mimi, na ni zamani."

Fundi akamwambia, mwambie basi, Mama. Mwambie leo.

Yule mama akakunja gauni, akalikunjua. "Nikimwambia, atakuja kwako. Nalijua hilo tangu anapiga simu huku anacheka. Na akija kwako, mimi nitakuwa mama wa mke asiyekuwepo. Nitakaa kwa nani?"

Fundi angeweza kumwahidi mbingu, lakini aliona si haki kumuahidi nyumba ambayo mwenyewe hajaalikwa. Alisema, "Sijui, Mama. Hata mimi hajaniambia kama atarudi. Ila nguo hizi zimeshafuliwa na wewe, zimefuliwa na mimi. Tuzishone, hata kama hakuna atakayekuja."

Wakazishona. Yule mama ndiye aliyeshika mkasi kwanza, na mkono ulimkataa mara kadhaa kabla haujakubali. Kila nguo ilikuwa na maneno yake. Hii ya mistari ndiyo aliyoendea usaili wa posta, akarudi amelowa mvua anacheka. Hii ya zambarau hakuipenda, alinunuliwa na shangazi yake, anaivaa shangazi akija. Sketi hii aliifupisha mwenyewe kwa stepla, Fundi akaona matundu ya stepla, akayaacha yaonekane. Fundi alimsikiliza yule mwanamke asiyemjua akiingia chumbani kidogo kidogo, mpaka akaanza kumpenda, na ndani ya kumpenda akazidi kumtamani Brashi, kwa namna ambayo hakuitegemea. Siku zikapita hivyo. Mama anakuja asubuhi, anaondoka kabla mkwewe hajarudi. Katikati wakaweka gauni la njano, na zile alama za vidole vya rangi juu yake.

Blanketi lilipobaki kona moja tu, kitambaa kikaisha. Yule mama akatazama ukutani, akaelekeza kidole kwenye gauni jeupe. "Tia hilo la buluu."

"Hilo si lake, Mama."

"Najua si lake. Bado nina macho kidogo."

Fundi akalitoa pindo, akalikata. Yule mama akachukua simu yake, akampigia mkwewe kwamba yuko ghorofa ya tatu kwenye jengo la mafundi, magoti yamegoma, aje kumshusha.

Brashi alipanda mbiombio. Mlangoni akamkuta mama mkwe wake amekaa imara kabisa, hana goti wala nini, blanketi limemfunika miguu, na Fundi yuko nyuma ya cherehani anajifanya anatunga uzi. Yule mama hakumpa nafasi ya kuuliza. Alimwambia yote, kutoka mto mpaka kopo la mafuta, akimtazama usoni, na alipomaliza akanyoosha mkono wake. "Nusa."

Brashi akapiga magoti. Akaushika mkono ule wa kizee, akauweka puani, pale chini ya kiganja. Akakaa hivyo.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi. Nyumba nzima inanuka hivi, ndiyo maana hukuijua. Na kisigino changu ndicho kinachonuka kuliko vyote, sema hicho sikupi."

Brashi akacheka, kikatoka kicheko kilichochanganyika na kilio, na kwa muda hakuna aliyejua kipi kitashinda. Fundi naye alikuwa amegeukia dirishani. Brashi akainuka, akamfuata.

"Buluu. Nilikuambia neno baya."

"Uliniambia."

"Hukustahili."

"Sikustahili. Na lingekuwa doa ningelitoa, kazi yangu ni kufua. Nimelisugua kila siku, halijatoka." Akamgeukia, macho mekundu. "Mbona hukuniambia unalala nalo?"

"Niliona haya."

"Kwangu?"

"Kwako hasa. Nilitaka unione mwanamume." Akashusha pumzi. "Nataka kuwa na mke tena. Nataka awe wewe. Ukikataa nitaelewa, lakini usikatae leo, kataa kesho nipate kulala."

Fundi akauliza la kwake. "Mama atakaa wapi?"

Brashi akamwangalia kama aliyeulizwa jua litakaa wapi. "Mama? Mama hahami. Wewe ndiye unayehamia kwa Mama."

Yule mama akainamia blanketi, akaanza kutafuta uzi wa kukata, akautafuta kwa muda mrefu, na hapakuwa na uzi.

"Basi sikatai," Fundi akasema. "Wala kesho."

Wakaulizana blanketi likae wapi. Brashi akalipapasa, akaona stepla, akaona alama za vidole vyake, akaona kona ya buluu. Hakulinusa. Akalikunja, akalirudisha mapajani pa mama mkwe wake, akasema ni lake, yeye ndiye aliyemzaa.

Walifunga ndoa kwa mashahidi wawili, mmoja ni yule mfagiaji. Vyumba viwili vikawa vidogo, wakapanga vitatu mtaa wa nyuma. Siku ya kuhama mvua ilinyesha kutwa. Kufikia alasiri kila kitu kilikuwa ndani lakini hakuna kilichokuwa mahali pake, na maharusi wakajitupa kwenye godoro sebuleni, kati ya maboksi na ile ngazi ya mbao, wakisema watapumzika kidogo tu ndipo wafunge kitanda. Brashi alilala wa kwanza, na mdomo wazi. Fundi akamfunika miguu kwa pazia, akamsikiliza anavyohema, na yeye akapitiwa.

Yule mama akasimama mlangoni akawatazama, ile miguu mikubwa imetokeza nje ya pazia. Akaingia chumbani kwake, akavua raba, akafungua kopo, akajipaka visigino na kola ya gauni lake. Akajilaza, akajivutia blanketi mpaka kidevuni. Vidole vikatembea juu ya viraka, posta, shangazi, stepla, vikafika kwenye njano vikakaa kidogo, kisha vikaenda vyenyewe hadi ile kona ya buluu. Nje mvua ikaendelea. Vidole vikatulia.